Uzoefu wangu: kompyuta yangu ya kale imepona, kaseti yangu imefutwa

Nimejizuia wiki kadhaa nikisema nitaandika nikitulia. Sijatulia. Basi naandika hivi hivi.

Nina ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya nyumbani, ile ya vitufe vya mpira, iliyoingia nyumbani kwetu miaka ya themanini, mimi na kaka yangu tukiwa bado wanafunzi. Sifa zake sitazieleza, anayezitaka atazipata popote. Ilikaa ndani ya boksi lake miaka mingi, na nilipojaribu kuiwasha hapo karibuni haikuwaka. Sikushangaa wala sikumlaumu aliyeitengeneza. Kapasita hukauka hata kifaa kikiwa kabatini, na ule utando wa plastiki ulio chini ya vitufe hukakamaa kwa umri na kuvunjika. Nikatafuta karakana inayoshughulika na kompyuta za zamani. Wakaniambia nitume mashine, redio kaseti yake, maana programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti, na kaseti chache za kujaribia. Nikafunga kila kitu kwa uangalifu, kaseti tatu nikazizungushia kitambaa.

Mbili zilikuwa za michezo ya kununua. Ya tatu haikuwa na jalada. Juu ya karatasi yake kaka aliandika zamani kwa wino mwekundu, herufi kubwa: USIFUTE.

Wameifuta.

Naomba mnivumilie nieleze jinsi ilivyofutwa, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kila mtu aliyetumia kaseti anajua kwamba mgongoni, kwenye pembe, zina vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, redio inakataa kurekodi upande huo. Kaka alikivunja cha upande wa kwanza siku ileile tuliyomaliza kazi yetu. Nakumbuka alitumia ncha ya bikari. Kaseti iliporudi, lile tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha selotepu, kipya, kinang'aa, kimekatwa vizuri kwa mkasi.

Selotepu haijikati yenyewe. Mtu alichukua kaseti iliyoandikwa USIFUTE, akaitia kwenye redio, akabonyeza kitufe cha kurekodi kikagoma, akaitoa, akaigeuza, akaona kijino kimevunjwa, akaenda kutafuta selotepu na mkasi. Mara mbili kaseti ile ilimwambia hapana, naye akazunguka. Kama angebonyeza kwa bahati mbaya ningesamehe siku hiyohiyo, maana nami nimewahi kufuta vya watu.

Lakini nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa siku kifurushi kilipofika nilifurahi kama mtoto, na haki ni kusema hilo pia. Kazi ya mashine yenyewe ni safi. Kapasita mpya, utando mpya, risasi imelehemiwa kwa mkono uliotulia, ndani hakuna hata punje ya vumbi. Niliichomeka kwenye televisheni, skrini ikawa nyeusi kidogo, kisha nyeupe, na chini ukatokea ule mstari wa haki za Sinclair Research, kampuni iliyoitengeneza, 1982. Nilibaki nimesimama na waya mkononi.

Wanaoanza na kompyuta za leo huenda hawajui mashine zile zilivyokupokea. Hakukuwa na kusubiri, hakukuwa na jina la mtumiaji wala neno la siri, hakukuwa na picha za kubofya. Unawasha, na papo hapo uko ndani ya lugha ya BASIC, ile iliyobuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz chuoni Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ili hata mwanafunzi asiyesomea hesabu aweze kuiamrisha kompyuta. Commodore 64, mashine nyingine ya siku zile, ilikwambia una baiti 38911 za BASIC, chini yake ikaandika READY. Kwenye Spectrum ulibonyeza kitufe, ikawaka herufi K inayopepesa, ikikungoja. Ukibonyeza P linatokea neno zima, PRINT. Ukibonyeza J linatokea LOAD. Amri zilichapwa juu ya vitufe vyenyewe, nyingine juu yake, nyingine chini, na vidole vyetu vilijua mahali pake kabla macho hayajatafuta. Ukiandika kosa, mashine hailipokei, inakuwekea alama ya kuuliza palepale lilipo kosa na kukungoja ulirekebishe. Nimetumia kompyuta nyingi tangu siku zile, na sijapata nyingine iliyonichukulia kama mtu mwenye jambo la kusema.

Ndiyo maana neno "programu" kwetu lilikuwa na maana nyingine. Ya kununua ilikuwepo, naam. Lakini nyingi ulizichapa mwenyewe kutoka kwenye magazeti ya kompyuta, kurasa mbili au tatu za herufi ndogo, mmoja anasoma mwingine anabonyeza, na namba moja ikikosewa kwenye mstari wa DATA, ule unaobeba namba za kutumiwa na programu, mnakesha mkiitafuta. Na baada ya kuchapa za watu mwaka mzima, mnaanza kuandika za kwenu.

Ya kwetu ilikuwa ya mdogo wetu wa kike, aliyekuwa akilia kwa ajili ya jedwali la kuzidisha. Mashua iko kushoto mwa skrini, bandari kulia. Kompyuta inauliza saba mara nane. Ukipata, mashua inasogea hatua moja na kuimba noti moja. Ukikosa, inatoa sauti nzito na kubaki palepale. Ile mashua kaka aliichora kwenye karatasi ya miraba, miraba minane kwa minane, kila mraba uliojazwa ni moja na kila ulio wazi ni sifuri. Spectrum ilikuruhusu kujitengenezea herufi 21 za namna hiyo. Unasoma safu moja baada ya nyingine, unaziingiza kwenye kumbukumbu ya mashine kwa amri ya POKE USR "a", na tazama, herufi A imegeuka mashua. Ilikuwa na kasoro, bila shaka. Kila kisanduku cha skrini kilibeba rangi mbili tu, kwa hiyo mashua ilipopita mbele ya jua letu la manjano, nayo iligeuka manjano, tukauita ugonjwa wa rangi. Na amri ya BEEP ilipokuwa ikilia, mashine nzima ilisimama ikisubiri noti iishe. Mdogo wetu aliamini mashua inapumzika. Leo yeye anafundisha hesabu. Sisemi ni kwa ajili ya ile mashua, lakini pia sisemi siyo.

Basi siku ile ya kifurushi nilicheza na mashine saa nzima, kisha nikachukua kaseti ya kaka. Selotepu niliiona, nikahisi tumbo linakaza, nikajipa moyo kwamba labda ilikuwepo. Nikabonyeza J, alama za kufungua na kufunga, ENTER, nikawasha kaseti.

Sauti ile sijui niielezeje kwa asiyeijua. Kwanza mlio mmoja mrefu, mwembamba, usioyumba, na kingo za skrini zinakwenda michirizi ya nyekundu na samawati. Kisha unakatika, na data yenyewe inaanza, mkwaruzo kama mvua ya mawe juu ya bati, kingo zinageuka buluu na manjano. Sisi hatukuhitaji kutazama. Tulikaa chumba cha pili tukisikiliza tu, na tukasema "imekubali" au "imekwama" kabla skrini haijasema lolote. Ilipokwama iliandika R Tape loading error, nawe unachukua bisibisi ndogo, unageuza skrubu iliyo kando ya kichwa cha kusomea, robo ya mzunguko, nusu ya robo, hadi mlio uwe mkali, unarudisha kaseti mwanzo na kusubiri upya. Mchezo mkubwa ulichukua kama dakika tano kuingia. Na kwa kuwa programu ilikuwa sauti tu, Uholanzi na Yugoslavia vituo vya redio vilizirusha hewani, wasikilizaji wakizirekodi nyumbani kwenye kaseti zao.

Mlio ulianza. Michirizi ikaja. Skrini ikaandika jina la kilichopatikana, nami nilitarajia kusoma "mashua".

Program: test.

Data yake ilikuwa fupi mno, haikufika hata pumzi moja. Nikaiendesha kwa RUN. Neno test likajaa skrini nzima, moja chini ya jingine, kisha mashine ikaniuliza scroll?, kama inavyouliza ikijaza ukurasa. Mistari miwili. Mtu alitaka kujua kama tundu la kurekodia linafanya kazi, akaandika mistari miwili na kuihifadhi juu ya kazi yetu ya likizo nzima.

Na sikiliza hili. Kaseti ile ilikuwa tupu baada ya dakika ya kwanza! Programu yetu ilikuwa kilobaiti chache, chini ya dakika moja ya kanda. Angeipeleka mbele kidogo tu, au angeigeuza upande wa pili ambao kijino chake kilikuwa kizima, pasingeharibika kitu. Tena hakuzima redio alipomaliza. Aliiacha irekodi ukimya kama sekunde arobaini hivi.

Nilipiga simu. Aliyepokea ndiye fundi mwenyewe, na salamu yangu aliijibu kwa "ndiyo, mzee, sema." Nikamweleza taratibu. Akasema, "Mzee, hizo kaseti ni takataka, hata zingekuwa nzima zisingedumu. Vitu vyote vya mashine hizo viko mtandaoni, pakua tu." Nikamwambia, mwanangu, hiki hakiko mtandaoni, tulikiandika sisi. Akacheka. Akaniuliza, "Kwani mlikuwa na nini humo, siri za serikali?"

Sikumtukana. Nilikata simu nikakaa kimya muda mrefu, na usiku ule niliandika toleo la kwanza la maoni haya, la maneno makali kuliko haya mnayosoma, likiwataka watu wote wasipeleke hata waya wa umeme pale.

Lakini lile jibu lake limeniudhi kuliko selotepu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mchezo kama Manic Miner ya mwaka 1983 ukiitaka sasa hivi unaipata, unaiweka kwenye emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, inafunguka mara moja bila mlio wala bisibisi, na waliozihifadhi programu hizo wamefanya kazi kubwa ninayoiheshimu. Ila huyu kijana anadhani hicho ndicho kilichokuwemo kwenye kompyuta zile: bidhaa. Hajui kwamba kila nyumba iliyokuwa na mojawapo ya mashine hizo, iwe Spectrum, Commodore, BBC Micro au Apple II, ilikuwa na kaseti au diski moja ambayo nakala yake haipo pengine popote. Daftari la bajeti la baba. Mchezo ambao mwisho wake hauna mantiki kwa sababu aliyeuandika alikuwa na miaka kumi na miwili. Karakana inayojiita ya kompyuta za kale inapaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Kubadilisha kapasita hata fundi wa redio anaweza.

Hapo nilikuwa nimefikia nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Siku tatu nne baadaye nikapigiwa simu na dada mmoja wa karakana hiyohiyo. Alianza na shikamoo. Akasema amesikia habari ya kaseti, na kabla sijaanza kufoka akaniuliza, "Mzee wangu, umeicheza mara ngapi tangu irudi?" Nikasema mara moja, labda mbili. Akasema, "Usiicheze tena bila kuirekodi. Iunganishe na kompyuta ya kisasa, nasa sauti yote hadi mwisho, hata pale unaposikia ukimya, unitumie faili." Nikamuuliza kuna faida gani. Akasema hajui, lakini anataka kusikia rekodi ile ya majaribio ilikatikia wapi.

Ilikatikia mahali pa ajabu. Baada ya ule ukimya, kuna mkwaruzo mmoja mfupi sana. Mimi nilipousikia nilidhani ni kitufe cha redio. Yeye akaupima: kama theluthi ya sekunde. Ulikuwa mkia wa programu yetu, sehemu ambayo kijana hakuifikia.

Spectrum haiwezi kuusoma mkia kama huo, kwa kuwa mlio wa mwanzo unaoielekeza haupo. Lakini alama zenyewe bado ziko pale. Kwenye kanda, moja ni wimbi refu na sifuri ni wimbi fupi, nusu ya urefu wake. Yule dada alizihesabu kwenye kompyuta yake, akapata mfululizo wa moja na sifuri, tatizo likabaki kujua baiti inaanzia wapi. Kuna nafasi nane tu za kukisia, akazijaribu zote. Kwenye mojawapo zikatokea 13, namba inayofunga kila mstari wa BASIC, na mbele yake 228, ambayo ndiyo neno DATA. Halafu 35 na 90, ambazo ni namba ya mstari: 35 mara 256, jumlisha 90, yaani mstari wa 9050. Alinipigia jioni, sauti yake ikitetemeka, na mimi ndiye niliyepaswa kutetemeka.

Mistari mitatu imepatikana. 9050, 9060 na 9070. Na kwa kuwa Spectrum huiandika namba mara mbili ndani ya mstari, mara moja kama tarakimu za kuonyeshwa kwenye skrini na mara ya pili kwa baiti tano za kufanyia hesabu, aliweza kulinganisha nakala mbili za kila safu. Zinakubaliana. 11111111. 01111110. 00111100. Kaka alikuwa na kawaida ya kuandika CLEAR, amri ya kufuta vigeu, kabla ya SAVE, amri ya kuhifadhi, ili vigeu, yaani thamani za muda za programu, visije vikajaza kanda bure, na ndiyo maana kitu cha mwisho kwenye kaseti kilikuwa michoro, tena mwisho wa mchoro wenyewe. Ni tumbo la mashua, safu tatu za chini.

Kwa hiyo sasa niwape nyota ngapi? Nimeibadilisha namba hii mara nne. Mashine ni ya nyota tano, sina ubishi. Yule dada hakunidai chochote, na alichofanya hakiko kwenye orodha yao ya huduma. Fundi hajaomba radhi hadi leo, na kila nikiitazama ile selotepu, ambayo sijaibandua, nyota zinashuka. Nimeweka tatu. Jana zilikuwa mbili. Ukituma mashine kwao, tuma. Kaseti baki nazo, na kabla ya kumpa mtu yeyote zinase sauti yake kwanza, zote, hata zile unazodhani ni tupu. Nilitakiwa kufanya hivyo mwenyewe, na hilo limeninyima usingizi zaidi ya kijana yule.

Kaka yangu nilimpigia nikamsomea safu zile tatu. Alinyamaza, kisha akasema, "Ya nne kutoka chini haikuwa na kitu ila mlingoti." Tangu hapo tunaijenga kwa simu, usiku, kila mtu na karatasi yake ya miraba. Tanga tumekubaliana lilitazama kulia, kwa kuwa mashua ilikwenda kulia. Safu ya juu kabisa ndiyo tuliyobishania. Mimi nakumbuka nukta tatu, kwa sababu kulikuwa na bendera. Yeye anasema nukta moja, ncha ya mlingoti, basi.

"Bendera uliiongeza wewe baadaye, mdogo wangu," akaniambia. "Siku ile ulizima mashine kabla hatujaihifadhi. Ulilia."

Nimeandika safu ya juu: 9000 DATA BIN 00010000. Bado safu tatu.